Mashine Isiyosaga

Hapa Masasi mtu akisema anataka kununua mashine, hakuna anayemwuliza ni mashine gani. Mashine ni ya kusaga. Mama akienda mashineni amebeba mahindi au muhogo mkavu, na mtoto akitumwa mashineni anajua mlango ni upi. Kwa hiyo nilipoanza kusema mbele za watu kwamba natafuta mashine, tena ya kiasi cha kati, jirani yangu mmoja anayesagisha alinijia jioni kwa heshima zote. Alikaa, akanywa chai, akazungumzia mvua, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nimefikiri vizuri, maana mtaa wetu hauna mahindi ya kutosha mashine mbili. Nilimweleza kwamba yangu haitasaga kitu ila chuma. Alicheka, lakini nadhani hakuniamini hata kidogo.

Mashine niliyoitaka ni ya kuchonga chuma. Msomaji ambaye hajapata kuiona aichukulie hivi. Katika mashine ya kukereza, ambayo wengi wameiona kwenye karakana za mjini, chuma ndicho kinachozunguka na kisu kimetulia. Katika hii kisu ndicho kinachozunguka. Kina meno pande zote, na kimeshikwa kwenye kichwa kilicho juu ya meza. Chuma kimefungwa juu ya meza hiyo, nayo husogezwa kwa magurudumu ya mkono kwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, na kichwa hupanda na kushuka. Kwa njia hiyo mtu aweza kupata uso ulio tambarare, au mfereji ulionyooka, au mashimo manne yaliyopangwa sawasawa. Mambo hayo matatu yanatosha kutengeneza sehemu kubwa ya vitu vinavyoharibika duniani.

Mapenzi haya ni ya zamani. Mwaka 1971 nilikuwa chuo cha ualimu, na Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilikuwa bado ya moto. Mkufunzi wetu wa kazi za mikono alimpa kila mmoja wetu kipande cha chuma kikubwa kuliko kiberiti kidogo tu, tupa moja, na skweya moja kwa watu sita. Alitaka pande sita, kila upande tambarare, na kila upande umesimama wima kwa jirani yake. Ilinichukua wiki tatu. Ukinyoosha upande huu, ule wa pili unapinda; ukiunyoosha wa pili, chuma kimekwisha. Mkufunzi alikishika kipande changu, akakielekeza dirishani, akauona mwanga ukipita chini ya skweya kama uzi, akanirudishia bila neno. Nimekuwa mwalimu kwa miaka karibu arobaini, na mkuu wa shule kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo, na sidhani nimewahi kumfundisha mtoto jambo kwa ukimya kama ule.

Miaka minane baadaye niliwapeleka wanafunzi wa darasa la saba kutembelea kiwanda kimoja cha kubangua korosho. Viwanda hivyo vilijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa mashine za Kiitaliano na za Kijapani, na sisi wa kusini tulivionea fahari. Watoto walistaajabia mitambo. Mimi nilibaki nyuma katika karakana ya kiwanda, ambako fundi alikuwa amefunga kipande cha chuma mezani na anakichonga. Nilitazama saa yangu. Upande mmoja ulimchukua dakika nne. Aliponiona nimesimama kama mtoto wa chekechea, alinipa nikishike. Kilikuwa bado cha moto, na kilikuwa tambarare kama kioo.

Viwanda vile, kama wengi wajuavyo, havikudumu. Korosho zilizokuwa tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 zilishuka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei haikuvutia, na ugonjwa wa ubwiriunga uliingia mashambani. Kulikuwa na uhaba wa vipuri pia. Majengo mengine yaligeuka maghala. Sijui ile mashine ya karakana ilikwenda wapi, ila nimeifikiria mara nyingi kuliko inavyostahili mtu wa umri wangu kukiri.

Nilistaafu mwaka 2010 nikiwa na miaka sitini. Kiinua mgongo kilimalizia nyumba na kujenga banda nyuma yake, upande unaoelekea majabali. Ndani ya banda niliweka jiliwa, keekee ya meza, mashine ndogo ya kukereza iliyotumika, na fuawe langu, ambalo ni kipande cha reli. Reli ile ina historia yake. Waingereza walijenga njia ya treni kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, mradi ukafa mwaka 1951, na njia yenyewe ikafungwa mwaka 1962 nikiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Tawi lake lilifika hapa kwetu. Reli zilipong'olewa vipande vingine vilibaki mikononi mwa watu, na wahunzi walikula navyo miaka mingi. Changu nilikirithi kwa mjomba.

Nilidhani nitatengeneza vitu vya kujifurahisha. Watu walidhani vingine. Mashamba ya korosho yakifika mwezi wa Juni hupuliziwa salfa dhidi ya ule ubwiriunga, na pampu za kupulizia, zile za mota zinazobebwa mgongoni, huharibika kila siku. Cherehani huja, baiskeli huja, mashine za kusaga pia huja, yaani shafti zao. Shafti ya mashine ina mfereji mwembamba ambamo hukaa kipande cha chuma cha kuizuia puli isizunguke peke yake. Mfereji ukilika, mashine yote imesimama. Mimi nilikuwa nauchonga upya kwa patasi ya chuma na tupa, siku mbili kwa shafti moja, na bado haukuwa wima. Kila mara nilimwona yule mkufunzi dirishani.

Basi nikaanza kuchagua. Nilidhani kuchagua kutakuwa kazi ya wiki mbili.

Ziko mashine ndogo za mezani, kilo sitini hivi, watu wawili wanainua. Bei yake nzuri na hata mlango haudai kubomolewa. Lakini uzito katika mashine hizi ni sehemu ya kazi yenyewe. Kisu kinapouma chuma, chuma nacho kinakisukuma kisu, na nguzo ikiwa nyembamba hutetemeka. Mtetemo huo huandika mawimbi juu ya kazi yako na huvunja meno ya kisu. Kwa shaba na aluminiamu mashine ndogo inatosha. Kwa shafti ya chuma kigumu utachonga unywele mmoja, urudie, unywele mwingine, urudie.

Upande wa pili ziko zile kubwa za karakana halisi. Mfano wake unaojulikana dunia nzima ni Bridgeport ya Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1938, ikaigwa kila mahali. Ina uzito wa karibu tani moja. Nilipata habari za moja iliyotumika huko Dar es Salaam na nilikosa usingizi siku tatu. Lakini mashine hizo kwa kawaida hutaka umeme wa njia tatu, na nyumbani kwangu ni njia moja, volti 230. Kipo kifaa cha kugeuza umeme, ila kifaa hicho nacho hununuliwa. Sakafu ya banda langu ni zege ya inchi tatu iliyomwagwa na vijana kwa haraka nikiwa msibani. Na tani moja ikishawekwa imewekwa. Mzee akifa, warithi watafanya nini nayo? Wataiuza kwa kilo.

Hivyo nikafika katikati, kwenye kilo mia tatu hivi. Humo nako hakuna amani. Zipo zenye nguzo ya mviringo na zipo zenye nguzo ya mraba. Ile ya mviringo ni rahisi zaidi na ina nguvu ya kutosha, lakini ina kasoro moja ambayo muuzaji hakwambii: ukitaka kupandisha kichwa ili ubadilishe kisu kirefu, kichwa chaweza kuzunguka kwenye nguzo, na ile alama uliyoitafuta nusu saa imepotea, unaanza upya. Ile ya mraba hupanda juu ya njia zilizochongwa kwa umbo la mkia wa njiwa, haizunguki, alama inabaki. Mafundi wa nchi nyingi huiita kwa namba 45, kufuata mfano wa Rong Fu wa Taiwan, ingawa sasa viwanda vingi vya China huitoa kwa majina na rangi za kila namna. Mota yake ya nguvu farasi mbili huendeshwa na umeme wa kawaida wa nyumbani. Na jambo lililonivutia kuliko yote: hufunguka. Kichwa kando, nguzo kando, meza kando, msingi kando, kila kipande watu wanne wanakimudu.

Nilipanda basi kwenda Dar es Salaam. Wenzangu wa rika wanakumbuka safari hiyo ilivyokuwa wakati wa masika, siku kwa siku kwenye tope, mpaka lilipofunguliwa daraja la Rufiji mwaka 2003, wakati wa Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa hapa wilayani kwetu. Gerezani nilizunguka siku mbili nikiwa na kipimo changu cha saa mfukoni, nimekifunga katika leso. Wauzaji ni vijana wenye adabu. "Shikamoo mzee wangu, hii mpya kabisa, bado ina grisi." Mimi nilizungusha gurudumu la meza kwenda, kisha kurudi, nikahesabu ni mistari mingapi inapita kabla meza haijaanza kusogea. Huo ndio mchezo, au plei kama wanavyosema mafundi, na kila mashine inayo. Swali ni kiasi. Niliisogeza meza mpaka mwisho wa kila upande nione kama inakaza pembeni na kulegea katikati. Nilisoma namba kwenye magurudumu, maana zilizokusudiwa soko la Marekani huhesabu kwa inchi, mzunguko mmoja sehemu ya kumi ya inchi, yaani milimita 2.54, na mtu aliyefundisha hesabu za mita maisha yake yote hatakubali kugawa kwa 2.54 kila anapochonga. Moja niliipenda. Milioni tisa. Kisha kijana akanikumbusha jambo nililokuwa nalijua ila nimejifanya sijui: jiliwa lake, visu, vishikio na vibano haviko ndani ya bei. Ukitaka kufanya kazi ya maana, weka karibu nusu nyingine ya bei kando.

Nilikuwa na milioni kumi na nusu, misimu miwili ya korosho zangu na akiba ndogo. Nilimpigia simu mama watoto jioni ile kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, dada yangu jana amenunua ndoo tatu."

Hakusema zaidi, na mimi sikuhitaji zaidi. Mke wangu ni mtu wa Newala. Yeyote aliyesimama Shimo la Mungu akatazama bonde la Ruvuma kule chini anajua shida ya uwanda wa juu wa Makonde: ardhi njema, hewa njema, na maji yako chini ya mteremko. Mradi wa maji wa Makonde unayasukuma kutoka visima vya Mitema kwenda juu mamia ya mita, na kazi hiyo si ndogo; lakini utoto wake yeye ulikuwa wa kushuka usiku wa manane na kupanda na mtungi jua likichomoza. Dada yake mkubwa, mjane, yuko bado katika nyumba ya mama yao. Miaka kadhaa mke wangu alikuwa amesema jambo moja: tumchimbie dada kisima cha kuvunia maji ya mvua, kama walivyo navyo wengi wa Newala, kile cha chini ya ardhi kilichopigwa saruji. Nilikuwa nimekubali kila mara. Kukubali hakugharimu kitu.

Usiku ule katika nyumba ya wageni nilifanya hesabu, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kutulia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la nyumba ile ni kama mita za mraba 80. Newala hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Hiyo ni lita 80,000 zinazoanguka juu ya bati la mjane na kwenda zake bondeni, naye ananunua ndoo. Hata ukitoa inayomwagika na inayokauka, ni maji mengi mno kuyaacha. Asubuhi nilipita mbele ya duka lile kwa upande wa pili wa barabara, ili yule kijana asiniite.

Kisima kilikula milioni nne na ushee, kisha mabati mapya na mifereji yake vikala nyingine. Sijutii. Ila nitasema pia lililo kweli: fedha ilirudi polepole. Ilinichukua miaka mitatu kufika tena nilipokuwa, na katika miaka hiyo mtoto wa jicho aliingia macho yote mawili. Mwanangu wa kwanza alinishauri ninunue ile ndogo ya kilo sitini nianze kazi mara moja. "Baba, hesabu miaka pia." Kauli ngumu kwa mtoto kumwambia baba yake, na alikuwa na haki ya kuisema. Mpaka leo sijui kama hakuwa sahihi. Mashine ndogo ingenipa miaka mitatu ya kuchonga nikiwa na macho yangu. Nilichagua kungoja ya kati kwa sababu nilitaka kuichonga shafti mara moja na kwa haki, na kwa sababu banda hili halitakuwa langu daima. Mjukuu wangu wa kiume, aliyesoma chuo cha ufundi, akiirithi ile ndogo ataiona kitu cha kuchezea, na akiirithi ya tani moja ataiuza. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu. Huenda pia ilikuwa kiburi cha mtu ambaye aliambiwa kipande chake kina mwanga chini ya skweya.

Ilifika mwezi wa Agosti ndani ya sanduku la mbao, juu ya lori lililokuja kuchukua mizigo mingine. Nilikuwa nimemwaga zege upya, inchi sita, kwa nondo, na safari hii nilisimama mwenyewe mpaka mwisho. Vijana wanane waliiteremsha kwa mbao mbili na kamba, tukafungua vipande uani, tukavisukuma juu ya mabomba kama magogo. Yule jirani yangu wa mashine alikuja kuona. Alizunguka sanduku lote akitafuta mahali pa kumiminia mahindi. Alipokosa, alinipa mkono, na kesho yake asubuhi akaniletea shafti yake.

Kabla ya kuigusa shafti ilibidi kuinyoosha mashine. Kichwa kikiegemea kidogo tu, kisu hukata upande mmoja zaidi. Hufungwa kipimo cha saa mahali pa kisu, kikazungushwa duara juu ya meza, na sindano isomwe pande nne. Jicho moja limekwisha kufanyiwa upasuaji na lingine linangoja, na mistari ile, sehemu za mia za milimita, inaungana mbele yangu kama mchanga. Kwa hiyo mjukuu husoma, mimi hugonga kichwa kwa nyundo ya mpira na kukaza nati.

"Kushoto sita, Babu. Kulia mbili."

Nilimwambia asome tena, kwa sababu alikuwa amesimama upande, na anayesoma sindano kutoka upande husoma uongo. Alisogea akasimama mbele. Ilikuwa tano na mbili. Tuligonga, tukakaza, akasoma. Ilipofika mbili na mbili jua lilikuwa limeshazama nyuma ya majabali, na mke wangu alikuwa ameita mara mbili kwamba ugali unapoa. Tulifunga shafti ya jirani kwenye jiliwa kwa taa ya simu ya kijana, tuone tu kama inakaa vizuri, tusichonge mpaka kesho.

"Inakaa, Babu," akasema.

Nikamwambia aisome.